Uzi: Amri moja ya sort, maana tatu. Jinsi viwango vya POSIX vilivyobadilisha machaguo ya kupanga maandishi

Mpangaji_wa_Mistari:

Ndugu wanajukwaa,

Nimeamua kufungua uzi huu kwa sababu hii ni mara ya tatu sasa kuwaona watu wawili wakibishana juu ya mstari mmoja wa amri, kila mmoja akiapa kwamba mashine yake inasema kweli, na mara zote tatu ikaonekana kwamba hakuna aliyekuwa anadanganya. Mstari wenyewe ni huu:

`sort +1 orodha.txt`

Mmoja anasema amri hiyo hupanga mistari ya orodha kwa kuanzia safu ya pili. Mwingine anasema amri hiyo hujaribu kufungua mafaili mawili, la kwanza likiitwa `+1`, na kwa kuwa faili la jina hilo halipo, inagoma. Jibu linategemea ni toleo gani la kiwango cha POSIX (kanuni za pamoja za mifumo ya jamii ya Unix) ambalo programu yako ya sort imeamua kulifuata, na hapo ndipo penye mkanganyiko, kwa sababu jibu halikubadilika mara moja tu. Lilibadilika, kisha likarudi lilikotoka.

Sort ni miongoni mwa programu kongwe kabisa za Unix. Ilikuwamo tangu toleo la kwanza la mwaka 1971. Kufikia toleo la saba la mwaka 1979, namna ya kuiambia ipange kwa safu ipi ilikuwa kuandika alama ya kujumlisha na namba ya mahali pa kuanzia, kisha alama ya kutoa na namba ya mahali pa kukomea. Hesabu yake ilianzia sifuri, kwa hiyo `+1` ilimaanisha "ruka safu moja, uanzie iliyofuata". Kiwango cha POSIX cha mwaka 1992 kilileta chaguo la `-k`, ambalo huhesabu safu kuanzia moja, na kikautaja mtindo wa zamani kuwa ni wa kuachwa polepole. Toleo la mwaka 2001 likautoa kabisa: tangu hapo kiwango kilidai kwamba `+1` ni jina la faili, basi. Programu za GNU (mradi wa programu huria zinazotumika sana kwenye Linux) zilitii, na waliosakinisha coreutils, yaani furushi la GNU lenye sort na amri nyingine za msingi, katika miaka iliyofuata wakaanza kuona skripti zilizokuwa zimetulia kwa miaka mingi zikivunjika.

Kisha toleo la mwaka 2008 likalegeza kamba. Liliruhusu kila mtengenezaji achague mwenyewe, ama `+1` iwe jina la faili ama iwe ufunguo wa kupangia. Coreutils iliendelea na ukali wake kwa muda, hadi mwaka 2017 ilipoamua kuutumia uhuru huo na kuurudisha mtindo wa zamani kwa mifumo inayofuata toleo la 2008 au la baadaye. Matokeo yake ni kwamba mstari uleule ni ufunguo kwenye mashine kongwe sana, ni jina la faili kwenye mashine za umri wa kati, na ni ufunguo tena kwenye mashine mpya. Anayedhani kwamba jambo linalokubalika kwenye mashine kongwe na kwenye mashine mpya lazima likubalike na kwenye za katikati, hapa atakwama.

Mimi mwenyewe nililijua hili kwa kuumia. Miaka kadhaa iliyopita, mahali nilipokuwa nikifanya kazi, nilikabidhiwa skripti ya usiku iliyoandikwa kwenye Unix ya zamani, tukaihamishia kwenye seva ya Linux. Kiini chake kilikuwa mstari huu:

`toa_data | sort +1 | uniq > orodha.mpya && mv orodha.mpya orodha`

Utazameni kwa makini, maana kosa la kweli halimo kwenye sort peke yake. Kwenye seva ile mpya, sort ilitafuta faili liitwalo `+1`, ikalikosa, ikaandika lalamiko lake kwenye mkondo wa makosa na kutoka kwa hali ya kushindwa, bila kusoma hata herufi moja ya data iliyokuwa ikiisubiri mlangoni. Lakini hali ya mnyororo mzima wa amri huchukuliwa kutoka kwa amri ya mwisho, na amri ya mwisho ilikuwa uniq, ile inayoondoa mistari inayojirudia mfululizo. Uniq ilipokea utupu, ikatoa utupu, ikaondoka kwa furaha. Kwa kuwa mnyororo ulionekana kufaulu, `mv`, amri ya kuhamisha faili, nayo ikatekelezwa, na orodha nzuri ya jana ikafunikwa na faili la baiti sifuri. Mkondo wa makosa ulikuwa umeelekezwa `/dev/null` (shimo la mfumo linalomeza kila kinachoandikwa humo) na mtu aliyetutangulia, kwa hiyo hapakuwa na barua wala onyo. Tuligundua asubuhi ya tatu, pale watumiaji walipouliza kwa nini hakuna kinachoonekana.

Kilichonichosha zaidi kilikuja baadaye. Nilipoandika ripoti kwamba chanzo ni `sort +1`, mwenzangu mmoja aliifanyia majaribio amri hiyo kwenye kompyuta yake mpya, ikafanya kazi vizuri kabisa, akahitimisha kwamba nimekosea. Ilinibidi niendeshe `sort --version` kwenye mashine zote mbili na kumwekea matokeo sambamba ndipo akaamini.

Sasa, kuhusu kubadilisha skripti za zamani. Kanuni si ngumu, ila ina mtego mmoja. Namba ya mwanzo huongezwa moja, kwa sababu tunatoka kwenye hesabu ya sifuri kuja kwenye hesabu ya moja. Namba ya mwisho, ikiwa haina sehemu ya herufi, hubaki ilivyo, kwa sababu katika mtindo wa zamani ilimaanisha "komea kabla ya kuingia hapa", na katika mtindo mpya inamaanisha "komea mwishoni mwa safu hii". Kwa hiyo:

`sort +1 -2` huwa `sort -k 2,2`
`sort +2` huwa `sort -k 3`
`sort +0.2 -0.5` huwa `sort -k 1.3,1.5`
`sort +1n -2 +0 -1` huwa `sort -k 2,2n -k 1,1`

Nimeona watu wakigeuza `+1 -2` kuwa `-k 1,2`, na wengine kuwa `-k 2,3`. Hizo zote mbili hazitoi kosa lolote. Zinapanga, tena kwa haraka, ila zinapanga kitu kingine. Kwangu mimi hilo ni baya kuliko amri inayogoma, kwa sababu amri inayogoma angalau hukuamsha.

---

Terminali_Tupu:

Ndugu Mpangaji, ahsante kwa maelezo. Mimi nina lalamiko, tena si dogo. Kama mtindo wa zamani ulikuwa unafanya kazi tangu miaka ya sabini, na kama hatimaye waliuruhusu tena, kulikuwa na haja gani ya kuuondoa? Ninaona kama kamati ilikaa mezani ikavunja kazi za watu kwa ajili ya unadhifu wa karatasi, kisha ikajuta. Pia ningependa kujua ikiwa ni sort peke yake iliyoguswa.

---

Mpangaji_wa_Mistari:

Ndugu Terminali_Tupu, lalamiko lako nilikuwa nalo mimi pia, na sehemu yake bado ninayo. Hata hivyo tuwatendee haki. POSIX ina miongozo ya jumla inayosema amri zote zipokeeje machaguo yake: chaguo huanza na alama ya kutoa, machaguo yote hutangulia majina ya mafaili, na alama mbili za kutoa, `--`, hutangaza kwamba machaguo yamekwisha. Mtindo wa `+1 -2` ulikuwa nje ya mpango huo wote. Alama ya kujumlisha si mwanzo wa chaguo, na faili linaweza kihalali kabisa kuitwa `+1`. Mtu anayeandika skripti inayopokea majina ya mafaili kutoka kwa watumiaji hakuwa na namna ya kujua iwapo siku moja jina litageuka kuwa amri.

Halafu tukumbuke kwamba onyo lilitolewa mwaka 1992 na utekelezaji ukaja 2001. Miaka 9 si haba. Tatizo ni kwamba onyo lilikuwa ndani ya kitabu cha kiwango, ambacho mwandishi wa skripti wa kawaida hakisomi, huku programu zenyewe zikiendelea kukubali mtindo wa zamani bila kunung'unika. Lawama yangu iko hapo. Ningekubali kuvumilia miaka 9 ya kuonywa na programu yenyewe kila ninapoandika `+1`, kuliko kimya cha miaka 9 kinachofuatwa na mlango kufungwa.

Sort haikuwa peke yake. `tail +10`, iliyokuwa ikimaanisha "anzia mstari wa kumi", nayo ikageuka kuwa ombi la kufungua faili liitwalo `+10`. Namna salama ni `tail -n +10`. `uniq +1` ilipata mkasa uleule, na badala yake ni `uniq -s 1`. Kwa `head -5`, yaani mistari mitano ya kwanza, andika `head -n 5`.

Jambo jingine dogo la jamii hiyohiyo ni nafasi ya `-o`. Wengi tumezoea `sort data -o data`, chaguo likiwa baada ya jina la faili. GNU huikubali kwa kawaida, lakini kigeu cha mazingira `POSIXLY_CORRECT` kikiwa kimewekwa, haikubali tena. Andika `sort -o data data`, nayo itapita kila mahali.

---

Mgeni_wa_Amri:

Wakuu, naomba kuuliza bila kuonekana mjinga. Nimesoma kwamba kuna kigeu kiitwacho `_POSIX2_VERSION` kinachoweza kuirudisha tabia ya zamani. Kwa nini tusikiweke tu kwenye mashine zote na kuachana na kazi ya kubadilisha skripti moja moja? Tuna skripti zaidi ya mia mbili na baadhi yao hakuna aliyebaki anayezielewa.

---

Mpangaji_wa_Mistari:

Swali lako si la kijinga hata kidogo, na hali yako ndiyo hasa iliyofanya kigeu hicho kiwepo. Kinapokea mwaka na mwezi wa kiwango unachotaka kifuatwe: `199209` kwa toleo la 1992, `200112` kwa la 2001, na `200809` kwa la 2008. Kwa skripti isiyogusika unaweza kuandika hivi:

`_POSIX2_VERSION=199209 ./skripti_ya_zamani`

Lakini sikushauri ukiweke kwa mashine nzima. Kwanza, kigeu hiki kinaeleweka na programu za GNU pekee. Siku skripti itakapohamia kwenye mfumo wenye sort ya BSD (tawi jingine la Unix), hakitasaidia kitu. Pili, kazi za cron (zinazoendeshwa na mfumo wenyewe kwa ratiba) haziingii na mazingira uliyoyaweka kwenye terminali yako, kwa hiyo skripti itafaulu unapoijaribu kwa mkono na kuanguka usiku, na hakuna hitilafu inayopoteza muda kama hiyo. Tatu, kinaficha tatizo kwa atakayekurithi. Kitumie kama bandeji kwa skripti chache, huku ukizitafuta nyingine kwa grep, amri ya kutafuta maandishi ndani ya mafaili:

`grep -nE '(sort|tail|uniq)[^|;]* \+[0-9]' *.sh`

Itakukamatia na `tail -n +10` ambazo ni halali, kwa hiyo pitia matokeo kwa macho. Hata hivyo, mistari michache ya ziada si neno kwa mtu aliyekuwa anatazama skripti mia mbili.

---

Mlinzi_wa_Jedwali:

Ndugu zangu, naomba niongeze upande ambao kwa maoni yangu ni wa hatari zaidi kuliko `+1`, kwa sababu haukugusa mwandiko wa amri hata kidogo. Mimi ninatunza hifadhidata. Unaweza kuandika `sort` tupu, bila chaguo lolote, kwenye mashine mbili zenye faili lilelile na mazingira yaleyale ya lugha, ukapata mpangilio tofauti. Sababu ni kwamba mpangilio wa herufi nao hufuata kiwango, na kiwango hicho nacho hubadilika.

Mwezi Agosti mwaka 2018 ilitoka glibc 2.28 (maktaba ya msingi ya C ya GNU, ambayo programu nyingi za Linux huitegemea), na ndani yake majedwali ya mpangilio yalisasishwa ili yaendane na toleo la 2016 la kiwango cha ISO 14651. Ijaribuni amri hii:

`printf '11\n1-1\n' | LC_ALL=en_US.UTF-8 sort`

Kabla ya 2.28, `11` hutangulia na `1-1` hufuata, kwa sababu kistari kilikuwa kikipuuzwa katika ulinganisho wa awali. Kuanzia 2.28, `1-1` hutangulia. Angalizo moja: hakikisheni kwanza kwa `locale -a` kwamba mazingira hayo ya lugha yamesakinishwa, la sivyo sort itarudi kwenye mazingira ya C (ya msingi, yasiyofuata lugha yoyote) bila kuwaambia, na humo pia `1-1` hutangulia, kwa hiyo mtadhani mna glibc mpya kumbe hamna.

Kwa mtumiaji wa terminali hilo ni jambo dogo. Kwa hifadhidata ya PostgreSQL inayotegemea mpangilio wa glibc, lilikuwa janga la kimyakimya. Faharasa ya maandishi huhifadhiwa ikiwa imeshapangwa. Ukiuboresha mfumo wa uendeshaji, faharasa inabaki kwenye mpangilio wa zamani huku programu ikitafuta kwa mpangilio mpya, na rekodi iliyopo kabisa inaambiwa haipo. Mbaya zaidi, sharti la kutorudia thamani linaweza kuruhusu rudufu, kwa kuwa aliyekuja kwanza haonekani pale anapotazamiwa. Dawa ni kuzijenga upya faharasa hizo kwa REINDEX baada ya kuboresha, na kama rudufu zimekwisha kuingia, kuziondoa kwanza kwa mkono.

---

Mpangaji_wa_Mistari:

Ndugu Mlinzi_wa_Jedwali, umegusa penyewe. Hata nje ya hifadhidata, watumiaji wa `comm` na `join`, amri za kulinganisha na kuunganisha mafaili mawili, wako kwenye hatari hiyohiyo, kwa sababu programu hizo mbili hudhani kwamba mafaili yote mawili yamepangwa kwa kanuni moja. Ukipanga faili moja kwenye seva ya zamani na jingine kwenye mpya, kisha ukayalinganisha, utapata tofauti ambazo hazipo. GNU hujitahidi kulalamika inapoona faili halikupangwa, lakini tukirudi kwenye kisa cha `/dev/null`, lalamiko lisilosomwa ni sawa na kutokuwepo.

Msimamo wangu ni huu: matokeo yanayosomwa na programu nyingine yapangwe kwa `LC_ALL=C sort`, bila kujali lugha ya mtumiaji. Hapo ulinganisho ni wa baiti kwa baiti, na jedwali la ISO likibadilika halimhusu mtu.

---

Terminali_Tupu:

Kama ni hivyo, kwa nini tusiweke `LC_ALL=C` kila mahali na kumaliza kesi?

---

Mpangaji_wa_Mistari:

Kwa sababu binadamu naye anasoma orodha. Katika mazingira ya C, herufi kubwa zote hutangulia herufi ndogo zote, kwa hiyo "Zana" itakuja kabla ya "amri", na herufi yenye alama juu yake itatupwa mwisho kabisa, baada ya z. Vilevile `-n` husoma nukta au mkato wa desimali kulingana na mazingira ya lugha. Data yako ikiandika `3,5` kwa mkato, mazingira ya C yataisoma kuwa 3 na kuishia hapo. Orodha ya kuchapishwa nipange kwa lugha ya msomaji; orodha ya kulishwa kwa `join` nipange kwa C. Faili moja linaweza kupangwa mara mbili na hakuna aibu.

Na kwa kuwa tumefika hapa, nitaje mtego wa `-k` wenyewe, maana wengi hudhani kuhama kutoka `+1` ndiko mwisho wa safari. Chukueni mistari hii mitatu:

`b 2 x`
`a 10 y`
`c 1 z`

Kwa `LC_ALL=C sort -k 2,2` mpangilio utakuwa c, a, b, kwa sababu "10" kama maandishi hutangulia "2". Kwa `-k 2,2n` utakuwa c, b, a. Hilo wengi wanalijua. Sasa mtu anataka mpangilio huo ugeuzwe, anaandika `sort -r -k 2,2n`. Matokeo? Bado ni c, b, a! Ufunguo ukishakuwa na herufi yake yenyewe, kama hiyo `n`, haurithi tena machaguo ya jumla. Hiyo `-r` inabaki kufanya kazi pale tu mistari miwili inapolingana kwenye funguo zote, katika ulinganisho wa mwisho wa mstari mzima. Andika `-k 2,2nr`. Ukiongeza `--debug` kwenye GNU sort, itakupigia mstari chini ya sehemu inayotumika kama ufunguo na kukuonya kwamba `-r` yako haigusi ufunguo huo. Mimi sasa sianzi kulaumu data kabla sijaiendesha hiyo.

Pia kumbukeni kwamba `-k 2` bila mkato humaanisha safu ya pili hadi mwisho wa mstari.

---

Mgeni_wa_Amri:

Na machaguo mapya kama `-h` (kupanga ukubwa ulioandikwa kama 4.2G) na `-V` (kupanga namba za matoleo), je, hayo ni salama? Tunayatumia sana kwenye ripoti za ukubwa wa diski.

---

Mlinzi_wa_Jedwali:

Nitalijibu hili kwa ufupi. Hayo hayamo katika POSIX. GNU wanayo, na sort ya FreeBSD inayo, kwa hiyo kwenye mashine nyingi hutapata shida, lakini hakuna kiwango kinachokulinda siku ukikutana na mfumo usioyajua. Kwa ukubwa wa diski, `du -k | sort -n` inatoa mpangilio uleule na hupita kote, unachopoteza ni uzuri wa kuandikiwa "4.2G".

---

Mgeni_wa_Amri:

Nimerudi na matokeo. Grep ya Ndugu Mpangaji ilileta mistari 31 kutoka kwenye skripti zetu. Kumi na tisa zilikuwa `tail -n +2` halali. Tisa zilikuwa `sort +` za kweli, na katika hizo, mbili zilikuwa na mnyororo unaoishia kwa amri nyingine na kufuatwa na `mv`, sawasawa na kisa kilichosimuliwa juu. Tatu zilizobaki zilikuwa `tail +2`. Ninachojiuliza sasa ni namna ya kuufanya mnyororo wenyewe uanguke pale kiungo kimoja kinapoanguka, maana sitaki kutegemea kwamba nimeyaona yote.

---

Mpangaji_wa_Mistari:

Hapo kiwango kimekuja kutusaidia, ingawa kwa kuchelewa. Toleo la POSIX la mwaka 2024 limeingiza `set -o pipefail` kwenye sh, programu inayosoma na kutekeleza amri, jambo ambalo ndugu zake bash na ksh wamekuwa nalo kwa muda mrefu. Likiwekwa mwanzoni mwa skripti, mnyororo huhesabiwa kuwa umeshindwa ikiwa amri yoyote ndani yake imeshindwa, na `mv` ya baada ya `&&` haitaguswa. Kwa sh ya zamani isiyolijua, tenganisha hatua: andika matokeo ya sort kwenye faili la muda, angalia hali yake, ndipo uendelee. Zile skripti mbili zenye `mv` zianze leo; zile tatu za `tail +2` zinaweza kusubiri kesho.